Miche ya Hoho Iliyodumaa Embakasi: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kuchagua Udongo wa Kuotesha

Mwanzoni mwa Juni alifika kitaluni kwangu, kando ya barabara ya Kiambu, mama mmoja anayeshona nguo huko Embakasi, akiwa amebeba kasha la kadibodi lililojaa vikombe vya mtindi. Vilikuwa 22, na katika kila kimoja mlikuwa na mche wa pilipili hoho wa aina ya California Wonder. Kwa umri wao, baadhi ya miche hiyo ilipaswa kuwa tayari kuhamishiwa kwenye ndoo, lakini hakuna uliokuwa umepita urefu wa kidole gumba. Alivipanga mezani kimoja kimoja, kisha akaniuliza, "Mzee, niambie tu ninunue udongo gani."

Swali hilo huletwa kitaluni karibu kila wiki, na lina jibu la haraka ambalo muuzaji yeyote wa miche analo mdomoni. Sikulitoa jibu hilo siku ile, kwa sababu vikombe vyake vilikuwa na udongo wa aina mbili zisizofanana hata kidogo, na miche ilikuwa imedumaa katika zote mbili. Kumuuzia aina ya tatu bila kujua zile mbili zilishindwa wapi kungekuwa kumpotezea fedha na mbegu, tena akiwa ameshapoteza miezi miwili.

Maelezo yake yalikuwa haya. Katikati ya Aprili alisia mbegu 40 katika udongo mweusi aliouchota karibu na nyumba inayojengwa, akauchanganya nusu kwa nusu na mbolea ya kuku aliyoinunua kwa mfugaji, na juu yake akatia chembe chache za DAP, mbolea ya viwandani ya kupandia, katika kila kikombe ili miche ianze kwa nguvu. Zilichipua 23, na 14 kati ya hizo zilianguka katika muda wa siku kumi. Mapema Mei, kwa ushauri wa jirani, alinunua tofali dogo la vumbi la makumbi ya nazi, lile linaloitwa kokopiti, akaliloweka mpaka likafura, akasia mbegu 20 nyingine. Zilichipua 16, hakuna uliooza shina, lakini baada ya majani mawili ya kwanza halisi miche ilisimama pale pale, mitatu ikakauka, na iliyobaki ikageuka rangi. Anaishi orofa ya nne, vikombe hukaa kwenye baraza linalopata jua la asubuhi, na hunyweshwa kila siku jioni anaporudi kutoka dukani.

Nilianza na kikombe cha udongo mweusi. Nilikipindua kwenye kiganja, na donge lilitoka zima kama tofali bichi, likiwa na harufu ya yai viza upande wa chini. Mizizi michache iliyokuwepo ilikuwa juu, karibu na uso, na iliyokuwa imethubutu kushuka ilikuwa ya kahawia na laini, ngozi yake ikivuka kwa kuguswa. Miche 14 iliyoanguka sikuiona, lakini alinieleza kwamba shina lilinywea pale linapokutana na udongo, likawa jembamba kama uzi, kisha mche ukalala ukiwa bado kijani. Hicho ni kinyausi, ugonjwa unaoletwa na vimelea kama Pythium na Rhizoctonia, ambavyo huishi katika udongo wa kawaida na kupata nguvu pale penye unyevu mwingi, hewa haba na baridi.

Udongo mweusi wa Embakasi na wa uwanda wote unaoelekea Athi River una tabia inayofahamika na kila aliyejenga huko: ukilowa huvimba na kunata, ukikauka hupasuka mianya ya kuingiza mkono. Shambani mianya hiyo huusaidia, kwa sababu hewa hupita humo msimu wa kiangazi. Ndani ya kikombe kinachonyweshwa kila jioni haupati nafasi ya kukauka wala kupasuka, kwa hiyo hubaki kuwa tope. Mzizi hupumua kama sehemu nyingine yoyote ya mmea, na oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mara 10,000 hivi kuliko inavyosafiri katika hewa. Mche uliopandwa kwenye tope hufa kwa kukosa pumzi muda mrefu kabla ya kufa kwa njaa, na majani yake huwa ya manjano kama ya mche wenye njaa, jambo linalomfanya mwenye mche aongeze mbolea.

Mbolea yenyewe ilikuwa na hatia yake. Samadi ya kuku ikiwa mbichi hutoa amonia kwa wingi na hubeba chumvi nyingi, na ndiyo maana wakulima huirundika, huilowesha na kuigeuza kwa miezi miwili au mitatu mpaka ipoe na kupoteza harufu kali kabla ya kuigusisha na mche. DAP nayo, yenye nitrojeni asilimia 18 na fosfeti asilimia 46, ni mbolea nzuri kwenye shimo la mahindi ikifunikwa na udongo kidogo kabla ya mbegu kuwekwa. Katika kikombe cha mtindi, chembe tatu zilizolala kando ya mbegu, tena katika udongo ambao mara nyingi una asili ya magadi, yaani kinyume cha tindikali, hutoa amonia ya kutosha kuunguza mzizi mchanga. Mama huyu aliupa kila mche chakula cha mmea mzima katika siku ambazo mche bado unakula akiba iliyo ndani ya mbegu yake.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo ningeweza kulipita nisingegeuza kikombe. Chini ya kila kikombe aliweka tabaka la kokoto, la unene wa vidole viwili, na hakutoboa tundu lolote kwa kuogopa maji yasichafue baraza. Aliamini kwamba maji yangekaa kwenye kokoto na kuacha udongo mkavu. Imani hii imeenea mno Nairobi, nami nimeamua kutochoka kuisahihisha. Nilichukua sponji ya kuoshea vyombo, nikailowesha mpaka ikajaa, nikailaza juu ya viganja mpaka ikaacha kudondosha. Kisha nikaisimamisha kwa wima, upande wake mwembamba ukiwa chini, na maji yakaanza kumwagika tena. Sponji ni ile ile. Kilichobadilika ni kimo chake tu. Udongo nao hushikilia tabaka lililojaa maji sehemu yake ya chini kabisa, na unene wa tabaka hilo hutegemea wembamba wa chembe zake. Maji hayavuki kwa hiari kutoka chembe laini kwenda kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo ulio juu ushibe kabisa. Kwa hiyo kokoto zilipandisha tope juu, zikaliweka karibu zaidi na mizizi, na kikombe kilichokuwa kifupi tangu mwanzo kikazidi kuwa kifupi.

Kundi la pili lilihitaji macho tofauti. Nilipopindua kikombe cha kokopiti, mizizi ilikuwa nyeupe na mingi kiasi, na hapakuwa na harufu yoyote. Hewa ilikuwepo. Majani ndiyo yaliyosema: machanga ya juu yalikuwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, na ya chini yalikuwa na kingo za kahawia zilizokauka. Kingo zilizoungua huashiria chumvi. Majani machanga yenye mishipa ya kijani huashiria upungufu wa chuma, ambao mara nyingi hautokani na kukosekana kwa chuma bali na magadi yanayokizuia kisiyeyuke. Dalili hizo mbili zilinielekeza kwanza kwenye tofali la kokopiti, kisha kwenye mtungi wa maji.

Vumbi la makumbi hutoka kwenye ganda la nazi, na mnazi ni mti wa pwani. Makumbi yana potasiamu na sodiamu kwa asili, na yakilowekwa katika maji ya chumvi huongeza nyingine. Tofali jema huoshwa kiwandani, lakini mfuko aliouhifadhi haukuonyesha lolote kuhusu jambo hilo, naye alipoliloweka hakumwaga maji yale ya kahawia; alisia mbegu humo humo. Tena kuosha peke yake hakutoshi, kwa kuwa sehemu ya sodiamu na potasiamu imeng'ang'ania nyuzi zenyewe. Ukitia chakula chenye kalsiamu, nyuzi huikamata kalsiamu na kuachilia zile nyingine, na mche hubaki na njaa ya kitu ambacho mwenyewe anaamini amekitia. Dawa yake ni kuloweka kokopiti katika maji yenye kalsiamu naitreti, mbolea inayoyeyuka majini, kwa usiku mzima, kukamua, kisha kusuuza kwa maji safi. Zaidi ya hayo, kokopiti haina chakula cha kutosha, na mama huyu, aliyechomeka mara ya kwanza kwa mbolea nyingi, mara ya pili hakutia hata chembe moja. Ninamwelewa kabisa.

Kuhusu maji, alinunua ya kisima kirefu kutoka kwa wachuuzi wa mitungi, kama wanavyofanya majirani zake wengi. Maji ya visima vya Nairobi yanajulikana kuwa na floridi na magadi, na alipoyaleta siku ya pili kipimo changu kilisoma pH 8.3; saba ndiyo katikati, na zaidi ya hapo ni magadi. Kwa nguo na sufuria hayana taabu kubwa. Katika kikombe kidogo, kunyweshwa maji hayo kila jioni kwa wiki tano hupandisha magadi hatua kwa hatua, na kama kikombe hakina tundu, chumvi haina pa kutokea. Maji ya mfereji wa jiji, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka Ndakaini na Sasumua kwenye vilima vya Aberdare, ni laini zaidi, ila kwake hufika siku mbili tu kwa wiki.

Hapo ndipo tuliporudi kwenye swali la udongo, na sasa lilikuwa na masharti. Ulipaswa uwe mwepesi, kwa kuwa anaubeba ngazi nne. Ulipaswa uvumilie mtu anayenywesha kila jioni, kwa maana kazi yake haimruhusu kuangalia vikombe mchana. Ulipaswa usiwe na vimelea vingi, kwani msimu wa baridi ulikuwa unaingia, na Julai usiku joto la Nairobi hushuka hadi karibu nyuzi 12, ilhali mbegu ya hoho huchipua vizuri kati ya nyuzi 25 na 30. Hili la baridi lina uhusiano wa karibu na udongo kuliko watu wanavyodhani: udongo uliolowa hupoa zaidi kwa sababu maji yanapoyeyuka hewani huchukua joto, na mbegu inayokawia kuchipua hukaa siku nyingi zaidi mbele ya vimelea.

Kuurekebisha udongo mweusi kwa mchanga tulikukataa mapema. Mchanga kidogo ndani ya udongo unaonata hujaza nafasi chache zilizokuwepo na kutoa kitu kinachokaribia tofali la ujenzi. Ili usaidie lazima mchanga uwe mwingi kuliko udongo wenyewe, na uzito wake haupandi ngazi. Piti, yaani mabaki ya mimea ya vinamasi, ya kuagizwa kutoka Ulaya ni nzuri kwa miche, lakini bei yake ni ya mashamba ya maua, na ikikauka kabisa hukataa kulowa tena. Jirani mwingine alikuwa amemshauri anyunyize majivu ili kuzuia kinyausi. Majivu yana faida katika udongo wenye tindikali, ila kwa mtu anayetumia maji ya pH 8.3 ni kuongeza magadi juu ya magadi, nami nilimwomba asiyaguse. Kuchota udongo wa msituni, ambao wengi husifu kwa weusi na ulaini wake, sikumshauri kamwe: ni kosa kisheria bila kibali cha Huduma ya Misitu, na udongo huo huja na vimelea na wadudu wake.

Yalibaki mambo mawili ya kweli. La kwanza ni kokopiti iliyooshwa na kulowekwa ipasavyo, ikichanganywa na pumisi, lile jiwe jepesi lenye matundu la kusugulia miguu, ambalo hupatikana pande za Naivasha na Longonot na kuuzwa likiwa limepondwa. La pili ni udongo mwekundu wa upande wa Kikuyu pamoja na mboji iliyoiva na pumisi kidogo. Udongo mwekundu una mfinyanzi mwingi pia, lakini chembe zake hushikana katika vijidonge vidogo vinavyoacha njia ya hewa, ndiyo maana mvua ikinyesha Kabete maji huzama, huku Embakasi yakisimama.

Yeye alitaka nimwambie moja. Mimi niliona afadhali achague baada ya kuona, kwa kuwa ni yeye atakayeishi nayo. Tuliandaa michanganyiko mitatu kwa gharama ndogo: wa kwanza kokopiti sehemu tatu kwa pumisi sehemu moja; wa pili udongo mwekundu sehemu mbili, mboji sehemu moja na pumisi sehemu moja; na wa tatu udongo wake mweusi, ulioanikwa, ukapondwa na kupitishwa kwenye chekeche, pamoja na pumisi na mboji kwa kiasi sawa. Huu wa tatu niliuruhusu kwa sababu udongo huo haumgharimu kitu, na mtu hana budi kujiridhisha kwa macho yake kabla ya kuacha kitu cha bure. Kokopiti tuliiosha mara tatu, tukailoweka usiku kucha katika maji yenye gramu 20 za kalsiamu naitreti kwa lita 10, tukaisuuza. Udongo mwekundu tuliupasha moto ukiwa na unyevunyevu katika sufuria kuukuu iliyofunikwa, nje, juu ya jiko la makaa, tukazika kiazi kidogo katikati. Kiazi kilipoiva tukaipua. Lengo ni nyuzi 80 na kidogo kwa nusu saa. Kuzidisha moto hakufai, maana udongo ulioungua huachilia manganizi na amonia zinazodhuru miche. Mboji tuliijaribu kwa maharagwe: yakichipua na kutoa majani yasiyojikunja, mboji imeiva.

Vikombe tulivitoboa matundu manne kila kimoja kwa msumari uliopashwa moto, kokoto zikatupwa, na vyote vikapangwa kwenye sinia lililoinuliwa kwa vipande vya mbao ili chini yasitwame maji. Maji ya mfereji akayawekea pipa dogo, yatumike kwa miche pekee. Jambo nililosisitiza kuliko mengine ni kupima kwa mkono: anyanyue kikombe kilichotoka kunyweshwa, anyanyue kilichokauka, azoee tofauti ya uzito, na jioni anyweshe vile vyepesi tu. Fundi wa cherehani ana mikono inayojua uzito wa kitambaa, na jambo hili alilishika siku hiyo hiyo.

Alisia mbegu 12 katika kila mchanganyiko mwishoni mwa Juni, akafunika sinia kwa nailoni angavu na kuliingiza ndani usiku. Kufikia siku ya 16 kokopiti ilikuwa na miche 11, udongo mwekundu 9, udongo mweusi 7, na mmoja kati ya hiyo 7 ulianguka kwa kinyausi katika wiki ya tatu. Mbegu 36 ni chache, na tofauti ya 11 na 9 singeijengea hoja yoyote. Kilichonivutia ni kilichofuata. Miche ya kokopiti tulianza kuilisha majani mbegu yalipofunguka, kwa mbolea ya NPK (nitrojeni, fosforasi na potasiamu) ya 19-19-19, nusu gramu kwa lita, ikipokezana na kalsiamu naitreti kwa kipimo hicho hicho. Wiki moja alisafiri kwenda kwa wazazi wake na mtoto aliyeachiwa kazi alitia maji matupu. Miche ya kokopiti ikapauka ndani ya siku hizo chache, ilhali ya udongo mwekundu haikuonyesha lolote. Kufikia wiki ya sita miche ya udongo mwekundu ilikuwa imeifikia ya kokopiti na kuipita kwa unene wa shina.

Kwa hiyo uchaguzi wake, ambao ninakubaliana nao, uligawanyika. Kuoteshea, anatumia kokopiti na pumisi, kwa kuwa ni safi, ina hewa na huvumilia mkono mzito wa maji. Mara tu mche unapopata majani mawili halisi, huuhamishia kwenye mfuko mweusi wenye mchanganyiko wa udongo mwekundu, ambao huuhifadhi hata siku anaposahau kulisha. Anayeishi karibu na kitalu na kupima chakula kila wiki angeweza kukuza hoho katika kokopiti mwanzo hadi mwisho, kama yanavyofanya mashamba mengi, lakini si mtu ambaye dukani kwake msimu wa sare za shule humweka mpaka saa tatu usiku.

Kuhusu miche 22 ya mwanzo, ile 9 ya udongo mweusi tuliitupa pamoja na udongo wake, naye aliumia, kwa sababu alikuwa ameitunza tangu Aprili. Ile 13 ya kokopiti tuliinusuru: tulipitisha maji ya mfereji mengi ndani ya kila kikombe kilichotobolewa, mara tatu ya ujazo wake, kisha tukaanza kuilisha. Majani yaliyoungua hayakupona. Baada ya siku 12 jani jipya la kijani lilikuwa limetokea katikati ya miche 10.

Wiki iliyopita alinitumia picha ya ndoo nane za lita 10 zilizopangwa barazani, udongo mwekundu ndani, matundu chini, na maua ya kwanza meupe kwenye mbili kati yake. Katika moja ya picha visubi vidogo vyeusi vinaonekana juu ya udongo, dalili kwamba uso bado unalowa kupita kiasi, na nimemwandikia atandaze pumisi kavu ya unene wa kidole kimoja juu na anyweshe siku moja na kuacha inayofuata mpaka tutakapoonana Jumamosi.